Saa Niliyoilaza Kifudifudi

Mzee yule alinipa saa yake kwa mikono miwili, nami nikaitangaza feki mbele ya mke wake.

Alikuwa baba mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu. Mgeni wa heshima, nyumbani kwangu, chakula kikiwa mezani.

Na hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kisa hiki. Hiyo nyingine sijawahi kumsimulia mtu wa nje ya familia, ndiyo maana naiandika. Mkinitukana huko chini kwenye maoni, tukaneni tu, nimeshajitukana kabla yenu.

Nianze na mimi ni nani.

Nauza miwani. Nina duka dogo, kioo mbele, ubao wa herufi ukutani, kiti cha kuzunguka. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuona. Mdogo wangu hunicheka sana kwa hilo siku hizi.

Lakini zamani ungeniuliza, ningekwambia mimi ni mtu wa saa.

Sio saa za kuangalia muda. Muda uko kwenye simu. Nazungumzia zile za majina makubwa, ambazo mtu ananunua moja, anashindia chai kavu mwaka mzima na bado anatembea amekunja mkono wa shati.

Tulikuwa kundi. Kila Jumamosi tulikutana chumba cha juu cha duka la vitambaa, la mwenzetu mmoja. Tunazima feni ili vumbi lisiruke, tunatandika kitambaa cha kijani mezani, kila mtu anaweka yake. Saa zinazunguka mkono kwa mkono, na lenzi ya fundi inazifuata nyuma.

Kulikuwa na sheria moja tu. Ukiona saa ni feki, husemi kitu. Unailaza kifudifudi, uso chini, unamsukumia mwenyewe.

Basi. Mwenyewe anaichukua, anaaga, anashuka ngazi. Hakuna wa kumtetea.

Nimewahi kumwona mtu mzima, bosi wa watu huko kazini kwake, anashuka zile ngazi macho yamemlowa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Feki kwetu ilikuwa uchafu. Aliyeivaa tulimwona mwizi wa cheo, mtu anayejipa makofi mwenyewe. Tungeweza kumsamehe mlevi. Tungeweza kumsamehe mwenye kutembea na mke wa mtu, na mmoja alikuwemo humohumo kundini. Mwenye feki, hapana.

Mimi waliniita Hakimu. Kwa sababu nikishailaza saa, hakuna rufaa.

Sasa, wazazi wetu walishatangulia, na huyo mdogo wangu wa kike nimemlea mimi. Ni nesi. Mdomo mwepesi, moyo mwepesi, na saa kwake ni kitu cha kuhesabia mapigo ya mgonjwa.

Alipopata mchumba nilifurahi. Kijana mpole, mwalimu wa hesabu, wa kuongea naye mpaka uinamishe sikio.

Tatizo ni kwamba nilijifanya baba kupita baba. Nikasema mdogo wangu haolewi kimyakimya. Nikachagua ukumbi mimi mwenyewe, ule wenye vioo kila upande, nikamwambia yule kijana kwamba gharama ni zake, na mwanaume kamili halalamiki.

Hakulalamika.

Siku wazazi wake walipokuja kututembelea, mdogo wangu alinibana jikoni asubuhi, mwiko mkononi.

"Kaka, leo naomba kitu kimoja. Usiangalie mikono ya watu."

"Nani anaangalia mikono ya watu?"

"Wewe. Hata daktari wangu mkuu nilipokutambulisha uliisalimia saa yake, yeye hukumwona."

Nikacheka. Nikaahidi.

Walikuja wanne: shemeji, mama yake, mjomba wake mmoja mwenye sauti ya kipaza, na mzee mwenyewe.

Mzee alikuwa mrefu, suti ya zamani iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magoti, miwani mizito. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na kovu, ngozi imevutika na kulainika. Ukimpa mkono unalihisi.

Na kushoto, saa.

Sikuangalia kwa makusudi. Macho yalikwenda yenyewe.

Aina ile niliijua vizuri kwa sababu nilikuwa nayo. Yangu ilikuwa chumbani kwenye kasha lake, ukuta mmoja tu kutoka pale tulipokaa. Na saa za aina ile mshale wa sekunde hauruki. Unateleza.

Wa mzee ulikuwa unaruka. Tik, tik, tik.

Nikajisemea, kausha, Hakimu, umeahidi.

Nikakausha mpaka tukafika kwenye kuku.

Mjomba ndiye aliyeniwasha. "Mkwe, umeiona saa ya mzee mwenzangu? Huyu alikuwa msimamizi wa zamu kiwanda cha nguo. Tajiri mwenye kiwanda alimvisha, kwa mkono wake, kiwanda kizima kinapiga makofi. Saa hiyo ukiiuza unajenga!"

"Acha hizo wewe," mzee akasema, lakini alikuwa anatabasamu. Akanigeukia. "Nimesikia wewe ni mtaalamu, mwanangu. Hebu niangalizie. Siku hizi naiona haiendi sawa, na macho yangu ndiyo haya."

Akaivua mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili.

Mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Shemeji akaacha kutafuna.

Hapo ningeweza kusema, "Sawa mzee, nitaipeleka kwa fundi." Yangetosha maneno hayo. Chakula kingeendelea.

Badala yake nikatoa lenzi mfukoni. Ndiyo, nilikuwa nayo mfukoni, ndani ya nyumba yangu, siku ya wageni.

"Mzee, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Ukweli, mwanangu."

"Hii ni feki."

Mama akashusha kijiko. Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akakosa la kusema.

"Feki vipi?" mzee akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mgonjwa anavyomuuliza daktari.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikanyanyuka, nikaenda chumbani, nikaleta yangu.

Nikazipanga sambamba kati ya bakuli la saladi na jagi la juisi. Nikafundisha. Mshale huu, herufi hizi, pima uzito, ona kioo kinavyokuza tarehe. Nilikuwa nimenoga, nasikia sauti yangu mwenyewe tamu.

Mzee akaichukua ile yangu. Akaiweka sikioni. Akafumba macho.

"Hii inapumua vizuri," akasema. "Hata yangu zamani ilikuwa inalia hivi."

"Hapana, mzee. Yako haijawahi kulia hivi hata siku moja."

Nilimjibu hivyo, tena nikitabasamu.

Akanirudishia. Akafuta kwanza kioo chake kwa kitambaa cha mfukoni, asiniachie alama za vidole.

"Kwa hiyo tajiri alinichezea," akasema taratibu. "Na wale wenzangu walipiga makofi bure."

Nikapandisha mabega, kama kusema pole, ndiyo dunia. Kisha mkono wangu, kwa mazoea ya Jumamosi, ukaichukua saa yake ukailaza kifudifudi mezani, ukamsukumia.

Na ilipolala kifudifudi, mgongo ukawa juu. Mgongoni palikuwa pamechongwa maneno.

ALIBAKI MPAKA WA MWISHO AKATOKA.

Maneno yale nilikuwa nayajua.

Miezi michache kabla, dalali wa kundi letu alikuja na saa. Tunamwita Mafuta, kwa jinsi anavyoteleza. Akasema mwenyewe ana shida ya haraka na hataki maswali. Sikuuliza ni nani, wala shida gani. Watu wa saa tunauliza ilitengenezwa mwaka gani na kama kasha lake lipo.

Ilikuwa safi, halisi kuanzia juu mpaka chini. Kasoro yake ilikuwa moja: mgongoni ilikuwa na maneno hayohayo.

Kwetu sisi maneno ya mtu ni doa. Saa iliyoandikwa mambo ya mwenzio ni kama kununua shati lenye jasho lake. Bei inaanguka.

Siku ile kwenye kitambaa cha kijani tuliyasoma kwa sauti, tukacheka. Mmoja akasema, "Alibaki mpaka wa mwisho akatoka? Huyo alikuwa mlinzi wa baa!"

Mimi nikadakia: "Hapana, huyo alikuwa anasubiri makombo."

Walicheka mpaka Mafuta akapaliwa na chai. Nilijiona bingwa.

Nikainunua. Wiki hiyohiyo nikampelekea fundi, akasugua mgongo mpaka ukawa kioo.

Sasa nimekaa mezani kwangu, maneno yale yananitazama kutoka kwenye bati la feki.

"Haya," nikauliza, "haya maneno yana maana gani?"

Mjomba akapata tena pumzi. "Kiwanda kiliungua, mkwe. Kulikuwa na mlango wa chuma unaojifunga wenyewe. Huyu bwana aliushika kwa mkono. Chuma kimeshika moto, yeye ameushika tu, mpaka wafanyakazi wote wakapita. Tajiri akanunua saa. Wenzake wakachangishana kuchonga hayo maneno, maana walisema tajiri ametoa saa, na wao watoe nini?"

Mzee alikuwa anaangalia sahani yake.

Nikamtazama shemeji. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye shingo. Akainua macho mara moja tu, akanitazama, akainamisha tena. Nikaelewa kila kitu pale pale. Saa ya baba yake ameiuza yeye. Akatafuta feki ya kushika nafasi, akachongesha maneno yaleyale ili mzee asigutuke.

Na saa yenyewe, ya kwelikweli, ilikuwa mkononi mwangu. Mgongo mtupu.

Ndugu zangu, mnajua nilifanya nini?

Niliirudisha kwenye kasha lake, nikaipeleka chumbani.

Mzee hakuivaa tena ile yake. Aliitia mfuko wa koti. Akashukuru kwa chakula, akasema ni vizuri waondoke mapema kwa sababu macho yake hayapendi giza. Jua lilikuwa utosini.

Walipotoka, mdogo wangu hakunipigia kelele. Alikusanya vyombo, kimoja kimoja.

"Umefurahi?" akaniuliza.

Jioni shemeji alirudi peke yake. Alisimama barazani, hakutaka kiti.

"Ni mimi," akasema. "Ya baba ilikuwa nzima. Niliiuza."

"Kwa ajili ya nini?" mdogo wangu akauliza.

Akanitazama mimi kwanza. Halafu akatazama viatu vyake. "Ukumbi."

"Ukumbi gani? Ule wa vioo?"

"Niliona aibu kusema siwezi. Nilijua baba haoni vizuri. Nikasema nitaikomboa kabla hajagundua. Halafu dalali akakataa kunitajia aliyeinunua."

Mdogo wangu akavua pete. Akamwekea kiganjani, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Harusi haipo," akasema, "mpaka saa irudi kwa baba yako, na wewe mwenyewe umwambie ulichofanya."

Kisha akanigeukia, macho mekundu. "Kaka, wewe unawajua watu wote wa saa. Tusaidie kuitafuta."

Nikajibu, "Nitaulizia."

Nitaulizia! Na saa iko kabatini, chini ya soksi zangu.

Msidhani nilikuwa naogopa kuambiwa nimenunua mali ya wizi. Hilo ningelivumilia. Nilichoogopa ni kusema kwamba yale maneno niliyafuta. Nilijaribu kuitunga ile sentensi kichwani nikioga, nikiendesha gari, nikimpima mteja macho, na kila nilipofika kwenye "niliyafuta" nilirudi mwanzo.

Nikakimbilia kwa fundi aliyeisugua. Nikamwambia ayarudishe.

Akaishika kwenye mwanga wa taa. "Ulisema nifute mpaka kidole kisihisi kitu. Bati limebaki jembamba, nikichonga litatoboka. Naweza kukutafutia kifuniko kingine, ila ule mwandiko ulikuwa wa mkono wa mtu, sitauweza." Akaitua mezani. "Kwani yalikuwa ya muhimu?"

"Hapana," nikasema. Hata fundi nilimdanganya.

Huku nyuma mdogo wangu alikuwa anakwenda kumwona mzee akitoka zamu, na kila akirudi ananiletea habari bila kujua anamletea nani.

Mzee haendi tena kijiweni kwa wenzake wa kiwandani. Wakimpigia, hapokei. Ukutani sebuleni palikuwa na picha, tajiri anamvisha saa. Ameishusha. Shemeji naye amekuwa mtu wa kusimama mlangoni na kuondoka, hana ujasiri wa kumwambia baba yake bila saa mkononi.

"Anasema amechekwa maisha yake yote na hakujua," mdogo wangu akaniambia. "Na tajiri mwenyewe ameshakufa, kaka. Hata wa kumuuliza hayupo."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, nakula.

Siku iliyofuata alipitia dukani kwangu akiwa na sare ya kazi. Kulikuwa na mama mmoja anajaribu fremu kwenye kioo.

"Umepata chochote?" mdogo wangu akauliza.

Nilikuwa nimeitia mfukoni asubuhi ile, sijui kwa nini. Labda nilichoka. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kaunta kati ya miwani.

"Hii hapa."

Alipiga kelele. Akapita nyuma ya kaunta akanikumbatia mpaka tukagonga rafu.

"Nilijua! Nilijua wewe utaipata! Umeinunua kwa pesa yako mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema. Haukuwa hata uongo, ndiyo maana ulitoka kirahisi.

Yule mama akageuka na fremu za watu usoni. "Kaka wa hivi ni bahati," akasema. "Wangu hata salamu hanipi."

Nami nikasimama pale nikipokea sifa. Nikatabasamu, jamani. Nikasema, "Ni wajibu tu, mama."

Mdogo wangu akaichukua saa, akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Maneno yako wapi?"

Nikamwambia. Yote, kuanzia Mafuta mpaka makombo mpaka fundi. Yule mama alirudisha fremu kwenye rafu polepole, akatoka bila kuaga.

Mdogo wangu hakulia. "Siku ile ilikuwa mezani," akasema. "Baba aliishika. Aliiweka sikioni."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua kabla hawajaondoka."

Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mtoto kufunga kamba za viatu, na siku ile alinitazama kama mtu aliyemkuta kwenye foleni.

"Funga duka," akasema. "Twende."

Njiani alimpigia shemeji. Tulimkuta ameshafika, amekaa pembeni ya kiti, magoti yamebanana. Sebule ilikuwa ndogo, safi, vitambaa vya kufuma juu ya viti, na msumari mtupu ukutani. Mama alinipa maji bila kunitazama.

Shemeji akaanza. "Baba, tajiri hakukudanganya. Niliyekudanganya ni mimi."

Alisema yote. Sauti ilimkatika mara kadhaa lakini hakuacha. Nilimwonea wivu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye goti. "Kwa hiyo aliyonipa tajiri ilikuwa ya kweli," akasema.

"Ya kweli, baba."

Akashusha pumzi ndefu sana. Mabega yakashuka nayo.

Zamu yangu. Nilipiga magoti bila mtu kuniambia. Nikamwekea saa kiganjani, kwenye lile kovu. Nikamwambia niliinunua bila kuuliza, na siku ile alipoiweka sikioni alikuwa anaisikiliza yake mwenyewe, na mimi nilijua nikanyamaza.

Aliiweka tena sikioni. Akatabasamu kidogo. Halafu dole gumba likapita mgongoni, likarudi, likapita tena, linatafuta.

"Ulifuta kwa nini?"

Nilitazama ule msumari mtupu ukutani.

"Yanashusha bei, mzee."

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyeambiwa kesho kuna mvua.

Akamgeukia mke wake. "Mama, hebu niletee ile nyingine."

Ile feki ikaja kutoka chumbani. Mzee akaivaa. Akafunga mkanda bila haraka. Kisha akanirudishia ya kwangu, yaani ya kwake, yaani hata sijui niiite ya nani.

"Mzee, hii ndiyo halisi," nikasema. "Hiyo ni bati tu."

"Najua. Ulinieleza vizuri sana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Chukua hii, tafadhali. Ni yako."

"Mimi sikuwa navaa bei, mwanangu. Nilikuwa navaa maneno ya wale watu, na maneno yenyewe yapo huku." Akamtazama mwanawe. "Huyu mpumbavu wangu angalau aliyanakili bila kukosea."

Shemeji akafunika uso. Mzee akamwambia aache kulia kama mtoto, akachukue nyundo, picha irudi ukutani.

Nikaendelea kuomba radhi. Nisamehe kwa kununua, nisamehe kwa kufuta, nisamehe kwa kunyamaza.

"Hayo nimeyasikia, nimesamehe," mzee akasema. "Ila lipo moja hujalisema."

"Lipi, mzee?"

"Siku ile mezani tulikaa mimi na wewe, bega kwa bega. Mke wangu alikuwa ng'ambo ya meza." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Ungeweza kuninong'oneza."

Nikanyanyuka pale chini, nikaitia ile halisi mfukoni.

Pete ilirudi kidoleni. Harusi ilifanyika uani kwa wazazi wake, viti vya kukodi, turubai, spika moja inayokoroma. Wale wenzake wa kiwandani walikaa mstari wa mbele, wazee watupu, wanagombania kipaza sauti.

Mafuta alikuja pia. Nilimwalika zamani, enzi za ukumbi wa vioo, sikuwa na uso wa kumwondoa.

Tulikuwa tumekaa nyuma. Mzee akapita anasalimia wageni. Mafuta akanigonga kiwiko.

"Hakimu, umeuona mkono wa yule mzee? Feki ya mchana kweupe. Mshale unaruka kama panzi."

Kabla sijafungua mdomo ameshapiga picha kwa siri, ameshaituma kundini. Simu yangu ikaanza kutetemeka. Vicheko. Vikaragosi vinatoa machozi. Mmoja akaandika, "Baba mzima hana haya." Mwingine akaandika, "Hakimu, toa hukumu tumlaze."

Nikaandika: "Halisi. Nimeikagua mwenyewe kwa lenzi."

Mafuta akasoma, akanitazama kama nimepandwa na homa.

"Umerukwa? Hata kipofu anaona ile ni feki!"

"Umesikia hukumu," nikamwambia. "Futa picha."

Aliifuta, lakini alihama kiti. Kabla keki haijakatwa walikuwa wameshanitoa kundini. Nasikia sasa wanazikagua upya saa zote nilizowahi kuzipitisha, na jina langu limebadilika, wananiita Plastiki.

Msinipongeze. Mzee hakujua, na sikumwambia. Kumtetea mtu kwa kidole, kwenye simu, kiti cha nyuma, ni kitu kidogo mno. Kwenye meza yangu mwenyewe, mbele ya macho yake, nilishindwa.

Ile halisi bado ninayo. Siivai, siwezi kuiuza, na nikiishika dole gumba langu nalo limeanza kutafuta mgongoni.

Wewe unayesoma, sina cha kukufundisha kuhusu saa. Ila siku moja utajua jambo la kumvunjia mtu heshima, na utakuwa na hakika nalo, na mtu mwenyewe atakuwa amekaa jirani yako. Sogeza kiti, ushushe sauti.